Masizi ya Kikaango Kipya

Yai la tatu lilipogoma kung'oka, Mama Mayai alikitukana kikaango. Hakukitukana kwa sauti, maana wateja walikuwa wamejipanga kwenye benchi la kibanda chake wakisubiri chai. Alikitukana moyoni, kwa yale matusi ambayo mtu huyaweka akiba kwa ajili ya ndugu wa mume. Kikaango kilikuwa kimebinuka katikati kama gamba la kobe. Mafuta yote yalikimbilia pembeni, yai likabaki kavu pale juu, limeng'ang'ania kama kupe.

"Mama Mayai, hilo yai unalikaanga au unalikwangua?" aliuliza fundi mmoja wa magari aliyejulikana kwa jina la Giaboksi, mtu ambaye hakuwahi kunywa chai bila kumchokoza anayempikia.

"Ukitaka lisilokwanguliwa, vuka kwa mwenzangu."

Walicheka, lakini yeye hakucheka. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa lango la karakana ya magari, mwanamke mmoja mchangamfu aliyekuja juzijuzi tu na kikaango kipya. Mayai yake yalikuwa yanateleza kutoka kikaangoni hadi kwenye mkate bila kuguswa na kijiko. Wateja wa Mama Mayai walianza kuvuka mmojammoja. Mwanzoni walivuka kwa aibu, wakijifanya wanakwenda kununua vocha. Siku hizi walivuka wakimpungia mkono.

Hilo la kupungiwa mkono ndilo lililomuuma. Mtu akikukimbia kwa kujificha, bado anakuheshimu kidogo. Akikupungia mkono amekwisha kukuzoea kama mti wa njiani. Alirudi nyumbani kila mchana na mawazo ya kikaango, akafua nguo na kikaango, akalala na kikaango, mpaka mumewe akamwambia kwamba safari hii ameolewa na mume wa pili wa bati.

Basi wifi yake alipobisha hodi jioni ile na boksi linalong'aa, alikuwa kama mtu aliyesikia njaa ya jirani kutoka mbali.

*

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele ambacho nusu yake ilikuwa sebule na nusu karakana ya makochi. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa ngozi, springi zimetoka nje, misumari midogo ameibana midomoni. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Bibi kwa sababu ya wajukuu, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani anachambua mchele. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Siku hizi wali wake ulikuwa na vijiwe viwili vitatu. Watu walivitoa mdomoni kimyakimya, wakavificha chini ya ukingo wa sahani, wakaendelea kula.

"Mwanangu huyo," alisema Bibi kabla mlango haujafunguka, visigino vya binti yake vilipogonga sakafu ya ukumbi.

Wifi aliingia, akasalimia, akafungua boksi kama anayefunua bibi harusi. Kikaango kilikuwa kizito, cheusi ndani, na juu ya weusi ule umetandazwa mchoro wa chuma kama sega la nyuki.

"Hiki, wifi, si kikaango cha kawaida. Ni haibridi."

Fundi alizungumza bila kutoa misumari. "Haibridi si mbegu za mahindi?"

"Kaka, acha ushamba. Haibridi maana yake viwili katika kimoja. Kuna chuma, kuna dawa nyeusi. Chuma kinailinda dawa, dawa inazuia chakula kushika. Huna haja ya mafuta. Na huna haja ya kukibembeleza." Alitoa waya wa kusugulia sufuria kwenye mkoba, akakisugua kikaango mbele yao, krrr, krrr, mpaka Bibi akaziba masikio. "Mmeona? Hata alama. Chunusi hakina."

Wakaenda jikoni, likapasuliwa yai. Likatua, likazunguka, likateleza hadi kwenye sahani lenyewe. Mama Mayai alitaka kulirudisha lile yai kikaangoni aone tena.

"Tena kina dhamana ya maisha," alisema wifi.

"Maisha ya nani?" Bibi aliuliza kutoka dirishani.

"Ya kikaango, mama."

"Basi kikifa, dhamana nayo imekufa."

Wote walicheka, hata wifi, ingawa kicheko chake kilikatika mapema. Alipotaja bei aliitaja harakaharaka, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu. Fundi nusura ameze msumari.

"Kwa hela hiyo nakushonea kochi la watu wawili," alisema alipopata pumzi, "na angalau utalikalia."

"Sijasema mnunue leo. Nawaachia mpaka Jumamosi, mkijaribu. Kikirudi bila alama, hamna deni. Lakini Jumamosi nitakuja na wateja wangu hapa, wifi, uwaeleze ulivyokiona. Watu siku hizi hawanunui kitu, wananunua ushuhuda."

Alipoondoka, Mama Mayai alikipandisha kikaango juu ya kabati, kando ya kopo la maziwa. Ndani ya kopo lile mlikuwa na fedha za miwani ya Bibi. Daktari wa macho alikwisha kumwandikia tangu msimu uliopita, na kopo lilikuwa limejaa kwa noti za kukunjwa za mume na sarafu za mayai. Kwa wifi kulikuwa kumetoka ahadi tu, nayo ilikuwa ya mwezi ujao, na mwezi ujao kila ukifika ulikuwa unahama. Kikaango na kopo vikakaa pale bega kwa bega. Kila alipopita, jicho lake liliviangalia vyote viwili, akajisikia kama mwizi aliyeonyeshwa dirisha bovu.

*

Alikibeba kikaango kwenda kibandani bila kumwambia mtu. Masharti yalisema wajaribu, hayakusema wajaribie wapi.

Asubuhi ile ya kwanza Giaboksi alisimama akalitazama yai likiteleza, akavua kofia. "Jamani, yai limepata leseni ya udereva."

"Ni kikaango cha haibridi," alisema Mama Mayai, akijaribu kulisema neno kama aliyezaliwa nalo.

"Ohoo. Basi kikiharibika usituletee. Sisi hata magari ya haibridi hatuyafungui, tunayaombea dua tu."

Lakini alikula mayai mawili. Kesho yake walirudi watatu waliovuka, nao wakamwamkia kwa heshima iliyozidi, kama watoto waliovunja glasi. Mama Mayai hakuwasema. Aliwawekea chumvi na pilipili, akakifuta kikaango chake kwa kipande laini cha sponji alichokiokota miguuni mwa mumewe, akawa anakipangusa kama uso wa mtoto.

Furaha yenyewe haikumtuliza. Kila yai lililoteleza lilimkumbusha Jumamosi. Usiku aligeukageuka kitandani, akipiga hesabu ya mayai na mikate, na kila hesabu iliishia kwenye lile kopo. Alijiambia kwamba kikaango kitarudisha fedha, halafu miwani itanunuliwa na hata chenji itabaki. Akajiambia tena kwamba Bibi mwenyewe hataki miwani. Si alisema mbele ya wote, daktari alipoandika, kwamba yeye ameshaona ya kutosha na ya mbele awaachie wengine?

Tena, mtu asiyeona angewezaje kumwambia kila asubuhi maneno yale? Maana kila alfajiri, Mama Mayai akitoka na kikapu chake, Bibi alikuwa keshaamka, yuko kitini pake, naye humgeuzia uso na kusema, "Umependeza leo, mwanangu." Alisema hivyo hata siku aliyovaa gauni lenye doa la mafuta kifuani kubwa kama sahani. Siku ile Mama Mayai alicheka peke yake njia nzima. Mumewe hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo. Yeye akikusifu ujue anataka umshikie kitambaa akate. Maneno ya Bibi ndiyo yaliyokuwa chai yake ya asubuhi. Mtu akipendezwa na wewe kila siku, hukai kumchunguza macho.

Alhamisi jioni alilitoa lile jambo. Fundi alikuwa anapigilia ngozi ya kochi.

"Nimefikiria habari ya kopo," alianza.

Nyundo ikasimama. "Kopo lipi?"

"Unalijua. Si kwamba miwani isinunuliwe. Ni kutanguliza tu. Kikaango kinaingiza, miwani haiingizi."

"Macho ya mama yangu hayaingizi?"

"Usinigeuzie maneno. Mama mwenyewe anasema anaona."

"Mama yangu hata akikatwa mguu atasema anatembea." Fundi alikuwa mpole kwa kawaida, na wapole wakikasirika huwa hawajui sauti iwekwe wapi, yake ilipanda mpaka barabarani. "Sikiliza. Kikaango kile ni chombo cha watu. Jumamosi kinarudi kwa mwenyewe, basi! Nisisikie tena."

Nyuma ya pazia lililotenga sebule na karakana, ungo wa mchele ulinyamaza. Pazia huzuia macho tu. Mama Mayai aliinamisha kichwa, akaokota vipande vya sponji sakafuni kimoja kimoja, na mumewe akadhani amekubali.

Hakuwa amekubali. Ijumaa alikiacha kikaango nyumbani, asije akakitia alama siku ya mwisho, akaenda kibandani na lile gamba lake la kobe. Mayai yakashika. Wale watatu waliorudi walikula mkate mkavu, wakakohoa, wakatazama ng'ambo ya lango. Ilipofika saa ya kufunga alikuwa amekata shauri. Kesho asubuhi, kabla wifi hajafika, atalichukua kopo. Mume atanuna, atanunua nyundo mpya, atasahau. Alitembea kwenda nyumbani upesi, akiogopa kwamba akitembea taratibu atabadilisha mawazo.

*

Alimkuta Bibi uani, ameketi kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la kazi. Mbele yake kulikuwa na majivu, mchanga kwenye kifuu, dodoki lililochakaa, na beseni la maji meusi kama wino. Mapajani alikuwa amekipakata kikaango.

Kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kinang'aa ndani na nje, cheupe kama kioo cha kuchania nywele. Lile sega la nyuki lilikuwa bado linaonekana kwa mbali, lakini weusi wote uliokuwa kwenye vijishimo vyake ulikuwa umeondoka, umelala ndani ya beseni.

"Umerudi," alisema Bibi kwa furaha. "Njoo uone. Mumeo alisema kinarudi kesho kwa mwenyewe, na mimi nikakipapasa nikakuta mmekiacha na masizi mle ndani. Mwanangu, chombo cha watu hakirudi na masizi! Watasemaje? Watasema nyumba ile ina wanawake wawili na hakuna mwenye mikono. Nimeanza tangu mmetoka. Na masizi ya vikaango vya siku hizi yana ukaidi, nakwambia, yameshika kama yamelipwa. Lakini nimeyatoa."

Mama Mayai alishika nguzo ya kamba ya nguo. Maneno yaliyomjia yalikuwa mengi na mabaya, na yote yalikuwa na haki. Alifungua mdomo.

"Kimetakata?" Bibi aliuliza, akaunyanyua uso.

Uso ule ulikuwa umejaa fahari kama wa mtoto aliyeshinda mtihani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka kwenye vifundo. Na macho, macho yale yalikuwa yanamtazama kwa upendo mwingi sana mtu aliyesimama hatua moja kulia kwa Mama Mayai, mahali ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na shuka lililoanikwa.

Mama Mayai alisogea taratibu, hatua moja, mpaka akasimama pale macho yalipokuwa yanatazama.

"Kimetakata, mama," alisema.

Akaingia ndani akakaa sakafuni jikoni. Alilia kwa hasira kwanza, kwa ajili ya kikaango. Halafu akalikumbuka gauni lenye doa, na kilio kikabadilika.

Fundi aliporudi kutoka kupeleka kochi la watu alionyeshwa kikaango. Alikigeuza, akakipeleka dirishani, akaanza kucheka, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili akitazama uani.

"Si waya haukifanyi kitu?" alinong'ona. "Mama kakimaliza kwa mchanga! Dada yangu atasemaje?"

"Ndilo ninalowaza. Atasema mama hana akili tena. Unakumbuka alivyosema wakati ule? Kwamba mama apelekwe shambani kwa shangazi yenu, mahali ambapo hakuna vya kuharibu."

"Nakumbuka. Na wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza," alikubali Mama Mayai. Hakulala usiku ule, lakini safari hii hakupiga hesabu ya mayai.

*

Wifi alikuja na wanawake watatu waliovaa vizuri, wakakalishwa kwenye makochi ya wateja wa Fundi, huku mwenyewe akiwaomba wasiegemee sana kwani gundi bado mbichi. Bibi alikuwa dirishani na ungo wake. Wifi alisimama katikati akamwaga maneno: haibridi, viwili katika kimoja, chuma kinailinda dawa. Sauti yake ilikuwa nzuri. Mmoja wa wanawake alikwisha kufungua mkoba.

"Lakini msinisikilize mimi," alisema, "mimi ni muuzaji. Huyu wifi yangu anapikia watu, ameamka nacho, amelala nacho. Wifi, kilete!"

Mama Mayai alikileta kikiwa kimefunikwa kitambaa. Alikuwa amejizoeza maneno tangu alfajiri, na yote yakamkimbia. Wifi akavuta kitambaa.

Mwanamke mwenye mkoba aliinama. "Mbona hiki hakina ule weusi uliotusimulia?"

"Hiki si changu," alisema wifi upesi.

"Ni chako," alisema Mama Mayai.

Wifi akakigeuza, akaiona chapa, akakigeuza tena. Rangi ilimtoka usoni. "Nani amekifanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilikisugua. Wewe si ulisema hata waya? Nikajaribu na mchanga."

"Mchanga!" Wifi alitazama wageni wake, wageni wakatazamana, mkoba ukafungwa. Hapo heshima ikamponyoka. "Kweli mtu akizoea kibanda, hata ukimpa cha maana atakifanya cha kibandani. Kosa ni langu. Nimempa nani kikaango? Mtu wa kukwangua mayai mbele ya gereji!"

Mama Mayai aliisikia damu ikimpanda masikioni. Ulimi wake ulikuwa mkali, mtaa mzima unajua, na jibu lilikuwa tayari limeshika upanga. Akalimeza. Fundi alikuwa amesimama na misumari mdomoni, na wakati anahangaika kuitema, sauti ikatoka dirishani.

"Nani kasema ni yeye?"

Wote waligeuka.

"Ni mimi niliyekisugua," alisema Bibi, akaweka ungo chini. "Na huyu anajua ni mimi, sijui kwa nini anaubeba mzigo usio wake. Nilisikia kinarudi kwa mwenyewe. Nilikulea mimi, wewe binti. Lini nilikufundisha kurudisha chombo cha watu na masizi?"

"Mama, yale hayakuwa masizi! Ile ndiyo dawa yenyewe! Ndiyo tunayoiuza!"

"Mnauza masizi?"

Mwanamke mmoja alishindwa kujizuia, akacheka ndani ya kanga yake. Wifi akakaribia kulia. "Mama, kwani hukuona kwamba kikaango ni kipya? Kinang'aa kabisa! Hukuona?"

"Sikuona."

"Hukuona vipi?"

"Sioni, mwanangu," alisema Bibi, na sasa hapakuwa na utani. "Tangu umeingia nimekujua kwa viatu. Hapo ulipo nakuona kama nguo kwenye kamba. Nilisema naona kwa sababu nilijua hamna nafasi, na nilitegemea nitakufa kabla hamjagundua. Sasa nimeharibu mali ya watu. Mkinipeleka kwa shangazi yenu nitakwenda. Lakini msimtukane mwenzenu kwa mikono yangu."

Wageni waliinuka, wakashukuru kwa maji waliyokunywa, na yule mwenye mkoba akamwambia wifi, "Tutakupigia." Hakumwomba namba.

*

Wifi aliketi juu ya kochi lililokuwa halijavikwa ngozi. Springi zikalia chini yake. Akavua viatu, akaviweka kando kama vitu vya mtu mwingine.

"Changu nacho kimebanduka," alisema. "Kile cha kwangu cha nyumbani. Sikukisugua hata kwa mchanga, kwa sponji tu. Nikadhani sijui kukitumia, nikaona aibu kuuliza. Wao wananiambia niuze, nauza. Tangu nianze nimeuza vifuniko viwili." Akafuta pua kwa kiganja. "Mlipokuwa mnaniambia mwezi huu tuchangie miwani, mwenzenu sikuwa na kitu. Basi nikawa naona rahisi kusema mama haoni shida."

Fundi alikuwa amefanikiwa kuitema misumari kiganjani. "Si kina dhamana ya maisha? Kirudishe. Waambie amekisugua mama mzazi."

"Dhamana haihusu kusuguliwa."

"Inahusu nini?"

Wifi alifikiri. "Nadhani kutazamwa."

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, na wengine wakafuata, kicheko kile cha watu wanaojua kwamba kikiisha mambo yatakuwa palepale. Katikati yake Mama Mayai aliinuka akaenda kwenye kabati. Alirudi na kopo la maziwa. Wifi aliliona, akashusha macho. Alidhani kikaango kinalipiwa kwa fedha za miwani, na aibu ikamrudia upya. Fundi naye alikunja uso, akangoja.

Mama Mayai alilipita lile kochi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha dirishani, akaliweka kopo mapajani mwa Bibi, akaichukua mikono yake yenye michubuko akaifumbatisha juu yake.

"Jumatatu tunakwenda kuchukua miwani, mama. Na huendi kwa shangazi wala kwa nani. Jana nilikuwa nimepanga leo asubuhi nilichukue hili kopo ninunue kikaango. Nakwambia ujue."

"Najua," alisema Bibi. "Pazia jembamba."

"Kikaango ni mzigo wangu," alisema wifi kutoka kwenye springi zake. "Nitajua namna. Baki nacho, wifi, mimi sitaki kukiona."

*

Kikaango kikarudi kibandani. Bila ile dawa kilikuwa chuma kama vyuma vingine, na mayai yakashika kuliko hata kwenye lile gamba la kobe. Siku ya kwanza Mama Mayai alihangaika nacho hadi jasho likamtiririka, na mwishowe, kwa hasira, akakichukua kijiko akalivuruga yai lote kabla halijapata nafasi ya kushika.

"Hii ndiyo nini sasa?" aliuliza Giaboksi, akilitazama.

"Haibridi. Viwili katika kimoja. Kula unyamaze."

Alikula. Aliomba lingine. Wale watatu waliendelea kuja na kutokuja kama mvua, na mwenzake wa ng'ambo hakufunga, na Mama Mayai akaanza kuona kwamba lango la karakana lilikuwa pana kuliko alivyodhani.

Miwani ilikuwa na vioo vizito na fremu ya bei nafuu iliyochaguliwa na Fundi, kwa hiyo haikuwa nzuri. Walikwenda kuichukua jioni, na Bibi alikataa kuivaa barabarani, asije akaanguka kwa mshangao. Aliivaa alfajiri ya kesho yake, akiwa peke yake kitini pake. Mama Mayai alipotoka na kikapu mkononi alimkuta anautazama ukuta, ufa baada ya ufa, kama mtu anayesoma barua ndefu.

Mama Mayai akasimama mlangoni. Hakuwa na muda, maji ya chai yalikuwa hayajainjikwa, lakini alisimama akangoja maneno yake, akaliweka sawa gauni, akajicheka kwa kufanya hivyo. Bibi aligeuka. Safari hii macho hayakutafuta, yalimfikia moja kwa moja. Yalimwangalia usoni, chini ya macho, kwenye mikono yenye makovu ya mafuta ya moto, kwenye mabega. Yalikaa sana.

"Kumbe umechoka hivi, mwanangu," alisema Bibi.

Mama Mayai alitaka kusema kwamba hapana, ni mwanga tu wa alfajiri. Alitaka kusema wateja wanasubiri.

"Weka hicho kikapu chini. Kaa kwanza."

Akakiweka. Akakaa sakafuni miguuni pa mkwewe, na machozi yakamtoka kabla hajajua yanatoka wapi. Bibi alimwacha alie. Akauvuta ungo wa mchele mapajani, akainama na miwani yake, akaanza kutoa vijiwe, kimoja kimoja.